Karura: Jinsi Njia ya Maporomoko Ilivyorudi kwa Watembeaji

Jumamosi asubuhi, matatu zinazopanda Barabara ya Limuru huwashusha abiria waliovaa raba na kubeba chupa za maji karibu na lango la msitu wa Karura, si mbali na makao ya Umoja wa Mataifa ya Gigiri. Baba kambeba mtoto mabegani. Akina mama wa kikundi cha kanisa wamefunga leso viunoni. Wanafunzi wanashindana nani atafika wa kwanza. Wengi wao wanaelekea mahali pamoja: maporomoko ya maji yenye kimo cha mita 15 hivi, ndani kabisa ya Nairobi, mwendo wa saa moja hivi kwa asiye na haraka.

Mita 15 ni kidogo mbele ya Thomson Falls ya Nyahururu, inayoshuka zaidi ya mita 70. Mtu haachwi kinywa wazi na kimo cha maji ya Karura. Cha kushangaza ni kwamba mama aweza kutembea na watoto wake chini ya miti hadi kwenye maji hayo, wakala chakula chao juu ya mawe, wakarudi nyumbani salama. Miaka ishirini iliyopita jambo hilo lingeonekana ni kutafuta balaa. Karura lilikuwa jina la kutisha: mahali pa kuporwa, mahali magari yaliyoibwa yalipotelekezwa, mahali maiti zilipotupwa usiku. Waliofanya mazoezi walikimbia pembeni mwa lami, nje ya miti.

Msitu wenyewe ulitangazwa rasmi mwaka 1932. Umebaki na ukubwa wa hekta 1,041 hivi, umebanwa na Muthaiga upande mmoja, Runda upande mwingine, na Barabara ya Kiambu mashariki. Katika mitaa ambayo robo ekari ni mali ya kuitajirisha familia, msitu mkubwa namna hiyo hauwezi kuachwa bila kumezewa mate. Miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu binafsi kimyakimya, na mwaka 1998 wakazi wa Nairobi wakagundua kuwa miti imeshaanza kuangushwa ili nyumba zijengwe. Mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement wakaingia na miche. Tarehe 8 Januari 1999, walipokwenda kupanda mti mbele ya lango, walishambuliwa na kundi la wanaume wenye silaha. Maathai alipasuliwa kichwa. Alipofika kituoni kuandikisha taarifa, alitia alama kwenye fomu kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, na mwezi Agosti mwaka huohuo Rais Daniel arap Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Hadithi hiyo inajulikana, na inastahili kusimuliwa kila mwaka. Ila kuuokoa msitu na kuufanya utembeleke ni kazi mbili tofauti. Miaka kumi baada ya damu ile kumwagika, ardhi ilikuwa bado ya umma na mwananchi wa kawaida alikuwa bado haingii.

Ufunguo ulipatikana kwenye sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu wananchi kuunda vyama vya misitu vya jamii na kutia saini mikataba ya kuusimamia msitu pamoja na serikali. Kabla ya hapo raia angeweza kulalamika, kuandamana au kupanda mche siku ya sherehe, lakini hakuwa na nafasi kwenye meza ya maamuzi. Kwa kutumia sheria hiyo, wakazi wa maeneo ya jirani waliunda chama chao cha Marafiki wa Msitu wa Karura, wakaketi na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na kuandaa mpango wa usimamizi wa pamoja. KFS ilibaki mwenye dhamana. Chama kikaleta wafadhili, watu wa kujitolea na mikono ya kufanya kazi.

Hatua ya kwanza iliyoonekana kwa macho ilikuwa ua wa waya wenye stima, uliokamilika kuzunguka sehemu kubwa ya msitu kufikia mwaka 2011. Wapo walionung'unika kwamba msitu uliopiganiwa ili uwe wa watu wote sasa unafungwa. Hofu yao ilikuwa na msingi. Lakini msitu usio na mlango hauna mwenyeji: aliyeingia hahesabiwi, na asiyetoka hatafutwi. Ua uliipa Karura milango, milango ikaleta saa za kufungua na kufunga, na lango likawa pia mahali pa kutozea ada.

Waya peke yake, hata hivyo, ungekatwa usiku wa kwanza. Hapa ndipo penye uamuzi ulio bora kuliko yote katika kazi nzima. Pembeni mwa msitu upo mtaa wa mabanda wa Huruma, ambao wakazi wake waliuingia msitu kutafuta kuni, na baadhi ya vijana wake walishukiwa kila mtu alipoporwa. Badala ya kuwafungia nje, waliosimamia mradi waliajiri vijana wa hukohuko kuwa skauti wa msitu, na akina mama wakaruhusiwa kuokota kuni kavu kwa utaratibu. Kijana aliyekulia Huruma anakijua kila kichaka. Anajua ni wapi mtu hujificha, na anamtambua kwa sura anayejificha hapo. Mshahara wake ukitegemea usalama wa watembeaji, waya unapata mlinzi ambaye hakuna kampuni ingeweza kumleta kutoka mbali. Na kila mtembeaji anayeingia anaongeza macho mawili mengine njiani. Mnyang'anyi hustawi palipo patupu.

Tuje kwenye njia yenyewe. Mtu anayetembea Karura mara ya kwanza hudhani ilichongwa yote kwa ajili ya matembezi. Kumbe njia nyingi pana ni barabara za zamani za kazi ya misitu, zilizofuata migongo ya ardhi ili magari ya mbao yasikwame. Hiyo ni bahati iliyotumiwa vizuri, kwa kuwa mgongo wa ardhi hukauka upesi na hauchoshi miguu. Kazi mpya ilihitajika zaidi kwenye vijia vyembamba vinavyoacha mgongo na kushuka mabondeni, ambako ndiko maji yalipo.

Udongo wa hapa ni ule mwekundu wa asili ya volkano. Kiangazi ni vumbi linalopanda hadi magotini, masika ni sabuni. Katika udongo kama huu, mvua huharibu kijia kuliko miguu ya watu elfu. Kijia kikishuka mteremko moja kwa moja, mvua ya Aprili hukifanya mfereji. Mwaka wa pili mizizi imebaki wazi, na watu wameanza kupita pembeni, kwa hiyo sasa kuna vijia viwili vinavyooza. Dawa yake inajulikana na wajenzi wa njia kila mahali: kijia kikate mteremko kwa upande, kiinamishwe kidogo kuelekea bondeni ili maji yavuke badala ya kukifuata, na penye mwinuko mkali usioepukika ziwekwe ngazi. Mteremko wa kwenda maporomokoni una ngazi. Mtembeaji hazikumbuki akifika chini, na hiyo ndiyo sifa ya ngazi nzuri.

Jambo jingine ni dogo kiasi kwamba wengi hulipita bila kulitazama: nguzo zenye namba kwenye makutano ya njia. Chini ya miti mirefu pembe zote hufanana, na anayepotea akipiga simu hawezi kusema chochote chenye maana zaidi ya "niko karibu na mti mkubwa". Akiwa na namba ya makutano, skauti anajua pa kumfuata na kwa njia ipi. Ramani yenye namba zilezile huonyesha pia umbali, hivyo mzee anayejua magoti yake anaweza kupanga mzunguko mfupi kabla hajaanza. Hiyo ni teknolojia ya ubao na rangi, na imewatoa watu woga kuliko tangazo lolote la usalama.

Kwenye maporomoko maji yanaanguka juu ya mwamba hadi kwenye kidimbwi, na mapango hayako mbali. Nairobi imekaa juu ya tabaka za lava na majivu ya volkano yaliyoshikamana kuwa jiwe. Lava ni ngumu, majivu ni laini. Mto unapofika mahali ambapo jiwe gumu limekalia laini, huchimba la chini upesi kuliko la juu, na ukingo hubaki umening'inia. Ndivyo maporomoko na mapango ya aina hii yanavyozaliwa. Mapango ya Karura yanahusishwa na wapiganaji wa Mau Mau waliojificha humo miaka ya 1950. Watoto wanaoingia huko wakicheka hunyamaza wanapoambiwa hilo. Hapo ubao wa maelezo unafaa kuliko mahali pengine popote msituni.

Miti nayo ina historia yake njiani. Sehemu kubwa ya Karura ilipandwa miti ya kigeni enzi za ukoloni, hasa mikalitusi, mti uliopandwa kwa wingi nchini kulisha injini za treni kuni. Mkalitusi hukua haraka na hunywa sana maji; ndiyo sababu mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira, aliagiza mikalitusi ing'olewe kandokando ya mito. Karura imekuwa ikivuna miti hiyo kidogokidogo na kurudisha ya asili: mukinduri, muhugu, mutamaiyu, muthiga. Anayetembea kuelekea maporomokoni huhisi mpaka kati ya misitu hiyo miwili bila kusoma kibao. Chini ya mikalitusi ardhi ni kavu na sauti ni ya majani makavu yakivunjika. Kwenye miti ya asili baridi hushuka ghafla na vichaka hujaa ndege.

Wanyama wamefuata. Kima, paa na nguruwe mwitu walikuwepo. Mbega hawakuwepo, na kati ya 2014 na 2016 zaidi ya mia moja walihamishwa kutoka eneo la Kipipiri, ambako misitu yao ilikuwa imebaki vipande vidogo kati ya mashamba. Leo mtembeaji akiinua macho huona mikia mirefu myeupe ikining'inia kama nguo zilizoanikwa.

Mashine hii nzima iliendeshwa na ada ya mlangoni, iliyokuwa ikitumika papo hapo msituni kulipa skauti, kutengeneza ngazi na kupaka rangi nguzo. Ndiyo maana mwishoni mwa Agosti 2025, KFS ilipoagiza malipo yote yapitie eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, watembeaji walikuja juu, na suala hilo likafikishwa mahakamani. Kwa nje lilionekana ni ugomvi wa namna ya kulipa. Mwenye kuielewa njia ya maporomoko aliona jambo jingine: shilingi inayokwenda kwanza kwenye mfuko mkuu wa serikali huchelewa kurudi, na ngazi iliyooza haingoji bajeti. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mpango wa kumega ukingo wa msitu kwa ajili ya upanuzi wa Barabara ya Kiambu ulikuwa nao umefika mahakamani. Ua wa stima haukusaidia kitu katika kesi hizo mbili. Waliosaidia ni watu ambao tayari walikuwa na mazoea ya kutembea humo kila wiki na walijua kinachopotea.

Kimoja bado hakijatengenezwa, na hakiwezi kutengenezwa kutoka ndani. Mito ya Karura huingia ikitokea kwenye mitaa na mashamba ya juu, na waya hauzuii maji. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, lakini chupa bado zinateremka na mvua, pamoja na majitaka ya nyumba zisizo na mabomba ya kueleweka. Siku nyingine kidimbwi cha chini ya maporomoko kinanukia majani mabichi. Siku nyingine, baada ya mvua kubwa, kinanuka jiji. Familia zinaketi juu ya mawe, miguu nje ya maji, na mtoto anayeinama kutaka kunywa huvutwa nyuma kwa mkono.