Kamera Imezimwa, Sasa Nimwambie Nani?

Sex for Grades nimeitazama mara tatu. Juzi niliirudia hapa Embu, kwa simu, bando ikaisha kabla ya mwisho. BBC Africa Eye waliitoa Oktoba 2019: wanahabari wanajifanya wanafunzi, wanaficha kamera, wanawarekodi wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Lagos na cha Ghana wakiwataka kimapenzi. Kiki Mordi, anayetuongoza, mwenyewe aliacha chuo kwa sababu ya mhadhiri.

Mimi pia niliacha. Katika chuo ambacho sitakitaja, maksi zangu zilipotea, kisha mhadhiri akaanza kunipigia simu usiku eti tuzitafute pamoja. Nilipoenda kuripoti, ofisi ya kwanza ilinituma ya pili, ya pili ikanirudisha idarani, kwa marafiki zake. Wakaniambia nilete ushahidi. Sasa mimi BBC ningeitoa wapi?

Hapo ndipo filamu inaniacha. Kwa kumwanika fisi, haina mpinzani. Inamwacha aongee mpaka ajifunge mwenyewe. Lakini macho yake yako kwa fisi karibu muda wote. Aliyepokea malalamiko akayafungia kabatini hapewi nafasi kama hiyo, na bila yeye fisi hadumu.

Mtu huyo nilimpata kwenye maandishi ya Meru. Tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kesi ya wasichana waliokuwa wamenajisiwa, walioletwa na shirika la Ripples International. Walioshtakiwa hawakuwa wanajisi. Walikuwa polisi, kwa kupokea ripoti na kutozichunguza ipasavyo. Jaji Makau akaamua kwamba uzembe huo ulivunja haki zao za kikatiba. Najua, wale walikuwa watoto, na idara ya chuo si kituo cha polisi. Lakini uamuzi ule unafanya ambacho filamu haifanyi: unamwita mbele yule aliyeambiwa akanyamaza, na kosa lake linapewa jina.

Sheria yenyewe si ngeni. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinasema mwenye mamlaka anayeendelea kumsumbua mtu kingono akijua hatakiwi anaweza kufungwa miaka isiyopungua 3, au kutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Nilikaa kwenye benchi nje ya zile ofisi siku nzima na hakuna aliyenitajia kifungu hicho.

Kwa hivyo itazameni hii filamu, inafaa. Ila ikiisha, msiulizane tu ni mhadhiri gani. Ulizeni pia nani aliambiwa. Na wewe ukienda kuripoti, peleka barua nakala mbili, yako igongwe muhuri, uandike tarehe na jina la aliyeipokea. Mimi niliripoti kwa mdomo. Leo hakuna anayekumbuka kwamba nilifika.