Tabo au Injini Nzima? Hesabu ya Joto la Mombasa

Gari lenyewe ni Subaru Impreza ya 2004, lita 1.5, nguvu za farasi 100 hivi. Mwenyewe, kijana wa hapa Makadara, alikuja gereji na tabo kuukuu ndani ya gunia. Alikuwa keshaamua. "Mjomba, si ni hewa tu inaongezwa?" akaniuliza. Ni kweli, ni hewa. Lakini hewa ya wapi, na ikiwa na joto gani?

Moshi wa ekzosi huzungusha feni ya tabo, na feni hiyo huzungusha nyingine inayosukuma hewa silindani. Hapa pwani injini ya kawaida huvuta hewa yenye presha ya baa 1. Tabo ikiongeza baa 0.6, mtu hudhani amepata hewa zaidi kwa asilimia 60. Hapati. Hewa ikibanwa hupata moto, na mchana wa kaskazi ikiingia na nyuzi 32 itatoka kwenye tabo na nyuzi 95 hivi. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo inayofika silindani imeongezeka kwa thuluthi moja tu. Ukifunga intakula nzuri ikairudisha hadi nyuzi 50, unakaribia nusu.

Sasa itazame injini itakayobebeshwa mzigo huo. Pistoni za lita 1.5 hii hubana hewa mara 10, kwa sababu ilibuniwa ivute pumzi yake yenyewe. WRX ya Japani, Impreza ya lita 2.0 yenye tabo, hubana mara 9, na ndugu yake STI mara 8. Waliopunguza hawakukosea: waliacha nafasi ya presha ya tabo. Bila nafasi hiyo petroli hulipuka kabla ya wakati wake, injini inapiga noki, na noki hupasua pistoni. Fundi anaweza kuchelewesha moto wa plagi na kuongeza petroli, lakini hapo anarudisha nguvu ile ile uliyoinunua. Anaweza pia kubadilisha pistoni. Basi injini imeshafunguliwa yote, na bei yake inaifukuzia bei ya injini nyingine.

Ndiyo maana nilimwambia atafute nosekati ya WRX, yaani gari lililokatwa nusu ya mbele. Hiyo inakuja na farasi 250 zilizopimwa kiwandani, na muhimu zaidi inakuja na jamaa zake wote: kompyuta, nyaya, intakula, giaboksi. Nimeona kazi nyingi zikiharibika kwa kuwa mtu alinunua injini tupu akaacha nyaya.

Si kazi nyepesi. Bahati yake gari ni la foo-wili, la sivyo angetafuta na mitambo ya nyuma. Hata hivyo uwiano wa difu ya nyuma lazima ulingane na wa giaboksi mpya; usipolingana, vyuma vya katikati vinashindana hadi vivunjike. Intakula ya WRX hukaa juu ya injini, basi boneti nayo ibadilishwe, ile yenye tundu la kuvuta upepo. Kisha namba ya injini ipelekwe NTSA iandikwe kwenye logibuku, kabla ya ajali na si baada yake.

Ningekuwa Nairobi ningepima tena. Kule juu, mita 1,700 hivi, hewa ina presha pungufu kwa takriban asilimia 17, na injini isiyo na tabo huipoteza nguvu hiyo kila siku. Tabo huirudisha. Toyota walishinda Safari Rally miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, kwa Celica yenye tabo, mbele ya magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, ilhali yao ikisukumwa na ya nyuma tu. Lakini injini ile ilizaliwa na tabo. Hakuna aliyeitoa guniani.

Kijana amekubali, ingawa kwa shingo upande. Ile tabo nimemshauri aiuze, na pesa zake zinunue diski na kaliba za breki za WRX, kwa sababu breki alizonazo zilipimwa kwa farasi 100, na gari likikamilika najua atalijaribu kwenye Daraja la Nyali.