Jiko la Udongo na Hewa ya Chumba

Mwezi wa Agosti 1981 mataifa yalikusanyika Nairobi katika mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya, na katika miaka iliyofuata wataalamu, akiwamo Maxwell Kinyanjui, pamoja na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, walilichukua jiko la ndoo litumikalo Thailand wakalirekebisha kwa mabati na udongo wa kuchomwa, hata likapatikana lile jiko lenye kiuno chembamba linalojulikana sana katika mitaa ya Kaloleni, Makongeni na Kayole.

Ustadi wake u katika bitana ya udongo, ambayo huzuia joto lisipotelee ubavuni, hata mpishi akaokoa theluthi ya makaa na pengine zaidi. Lakini mas'ala waliyoyakabili mafundi yalikuwa ya gharama ya makaa, wala si ya hewa ya chumba. Nasi tumekosea kudhani kwamba aliyepata jiko bora amepata na amani ya usiku.

Hewa iingiayo kwa kijilango cha majivu huyaunguza makaa ya chini na kuzaa kaboni dioksaidi. Gesi hiyo, ipitapo katika makaa mekundu ya juu, hugeuka kaboni monoksaidi, ambayo ikikuta moto mkali na hewa ya kutosha huteketea kwa ule ulimi wa buluu, na isipovikuta hutoka chumbani kama ilivyo, haina rangi wala harufu. Kwa hiyo mpishi afungapo kijilango ili maharagwe yaive polepole, huokoa makaa kwa kuipunguza hewa ile ile ambayo ingeiteketeza sumu; na makaa yaliyovikwa jivu, yasiyo na moshi, ambayo aghalabu ndiyo hudhaniwa kuwa salama, huendelea kuitoa.

Ifikapo Julai, baridi ya Nairobi inapozidi, wengi huziba matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha kwa magazeti na mifuko, kisha wakaliingiza jiko ndani lipashe godoro joto. Sumu hiyo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu ipitayo ya oksijeni zaidi ya mara 200, na dalili zake, yaani kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, hufanana na za homa. Ila watu wa chumba kimoja wakiugua kwa pamoja, na wakitoka nje wakapata nafuu, jiko ndilo la kutuhumiwa kwanza. Bakuli la maji liwekwalo chumbani ili kuinasa sumu halifai kitu, maana gesi hii huyeyuka majini kwa uchache mno. Wala kitanda kirefu si kinga, kwa kuwa uzito wa gesi hiyo unakaribiana na wa hewa.

Kinga, basi, ni ya utaratibu: jiko liwashwe barazani mpaka makaa yashike sawasawa, lipikiwe karibu na dirisha lililo wazi, na kabla ya kulala litolewe nje pamoja na makaa yake, hata yakionekana yamekufa. Aliyezidiwa atolewe nje mara moja, kisha apelekwe hospitali, kwani kwa hewa ya kawaida sumu hupungua nusu kwa saa 4 au 5, na kwa oksijeni safi kwa muda wa kama saa moja na nusu. Na mwenye ploti anayejenga vyumba vya kupangisha ana dhamana yake pia: tundu la hewa aliweke mahali ambapo mpangaji hatapigwa na upepo kitandani, kwa maana tundu linaloleta baridi usoni halikosi kuzibwa.