Gazeti Lililoonyesha Watu Wadogo

Vita ikiisha ngoma hupigwa siku moja, lakini taabu hukaa miaka. Ndivyo ilivyokuwa Uingereza baada ya mwaka 1945. Je, twataka kujua watu wa kule waliishije siku zile? Tusisome hotuba za wakubwa peke yake. Tufunue Picture Post, gazeti la kila juma lililoanza London mwezi wa Oktoba 1938, likafa mwaka 1957.

Waingereza walishinda vita, lakini wakapimiwa chakula kwa kadi. Hata mkate, usiopimwa wakati wa mabomu, ulipimwa toka Julai 1946 mpaka Julai 1948. Nyama ilipimwa hata mwaka 1954. Gazeti hili lilionyesha maisha hayo kwa picha kubwa: mama dukani, mfanyakazi, mtoto njiani. Watu wasiojulikana walipewa nafasi ya wafalme.

Sisi twasifu mambo mawili. La kwanza: mwaka 1948 Bert Hardy, mwenyewe mtoto wa maskini wa London, alipiga picha Gorbals, mtaa wa maskini huko Glasgow. Alionyesha nyumba mbovu, lakini watoto wake wanacheka. Hakumdharau maskini, wala hakuupamba umaskini. La pili: mwaka 1949 gazeti liliuliza wazi kama Waingereza wanawabagua watu weusi, likaonyesha waliokosa chumba na kazi kwa ajili ya rangi yao. Kuwauliza wasomaji wako swali la namna hiyo si kazi ya mwoga.

Lakini sifa zisitufumbe macho. Mwaka 1950 James Cameron na huyo Hardy walitoka Korea na habari za wafungwa walioteswa na serikali ya Kusini, rafiki ya Uingereza. Mhariri Tom Hopkinson alitaka kuitoa. Mwenye gazeti, Edward Hulton, alikataa. Mhariri hakukubali kunyamaza; akafukuzwa.

Hapo ndipo tunapoona kasoro yenyewe. Kuonyesha kosa la adui ni rahisi. Kuonyesha shida ya nyumbani kwataka moyo. Kuonyesha kosa la rafiki kwataka moyo mkubwa zaidi, na siku ile mwenye gazeti hakuwa nao. Baada ya hapo gazeti lilififia, wasomaji wakapungua. Hatusemi sababu ni hiyo moja. Televisheni nayo ilikuwa ikiingia nyumbani mwa watu. Lakini gazeti likipoteza ujasiri wake, lina nini tena la kumpa msomaji? Picha za wasichana wazuri aweza kuzipata popote.

Hopkinson hakuacha kazi. Toka mwaka 1958 hata 1961 aliongoza gazeti la Drum huko Johannesburg.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Basi nasi, tukishika gazeti lo lote, tusiulize tu, «Limetuonyesha nini?» Tuulize pia, «Limetuficha nini, na kwa ajili ya nani?»