Young Men and Fire: kitabu kinachoujua moto kuliko wajane

Kitabu hiki cha Norman Maclean nimekisomea Itigi, mwezi wa tisa, upepo ukileta majivu hadi kibarazani. Huku Manyoni nyasi zimekauka, na usiku unaona mstari mwekundu upande wa Pori la Akiba la Rungwa.

Kisa chenyewe ni cha tarehe 5 Agosti 1949. Wazimamoto 15 walishuka kwa parachuti kwenye bonde la Mann Gulch, jimbo la Montana, Marekani, na mlinzi mmoja wa moto akaungana nao chini. Moto wa nyasi ukawafukuza mlimani, wakafa 13. Kiongozi wao, Wagner Dodge, alipoona mbio hazitamwokoa, aliwasha nyasi za mbele yake kisha akalala kwenye majivu. Akapona. Vijana walimpita bila kumfuata. Mrina asali wa huku angemwelewa Dodge mara moja: palipokwisha kuungua hapaungui tena.

Maclean anaandika hapa kwa ustadi wa kutisha. Mzee wa zaidi ya miaka 70 anapanda mteremko uleule, anapima hatua, anasimama kwenye kila msalaba palipoangukia mtu. Alifariki 1990 akiwa hajakimaliza, kikatoka 1992. Kusema kweli hesabu za mwendo wa moto zinachosha kidogo, lakini zile dakika za mwisho sijawahi kusoma kitu kama hicho.

Shida yangu ni waliobaki nyumbani. Tunajua upepo ulivyogeuka. Mama aliyesubiri tunamwona kwa haraka mno. Na hapo pana kisa kizima, maana baba wa mmoja wa vijana hao aliifikisha serikali mahakamani.

Mwaka 2013 wakafa wengine 19 huko Yarnell Hill, Arizona. Wote wakaitwa mashujaa, wakazikwa kwa heshima zilezile. Ila 13 kati yao walikuwa vibarua wa msimu, na familia zao zikaambiwa mafao kamili ni ya wale 6 wa kudumu.

Hapo ndipo nilipoweka kitabu chini. Huku kwetu moto ukitokea, watu wanaitana wanakwenda na matawi mabichi, wengine na ndala miguuni. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro ulipowaka, wanavijiji na wanafunzi walipanda kusaidia. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, sawa, na jina lake linajieleza. Sasa huyu mwenye tawi ni mfanyakazi wa nani? Akifa, mkewe aende ofisi gani?

Riwaya hiyo ya Kiswahili bado naisubiri. Atakayeiandika atapata taabu ambayo Maclean hakuipata: yeye alianza na orodha ya majina 13, kwa kuwa wale walikuwa kazini. Wetu itabidi aanzie kwenye daftari la mtendaji wa kijiji, na hapo ni kama siku ile kuna mtu aliyakumbuka kuyaandika.