Jasho kama Malipo ya Awali
Marekani ina maskini wake, na wengi wako mashambani, wakichuma zabibu na machungwa yasiyo yao. Katika bonde la San Joaquin, California, shirika la Self-Help Enterprises limekuwa likiwasaidia watu hao kujijengea nyumba tangu 1965, na linastahili pongezi kwa kanuni moja: jasho la mtu huhesabiwa kuwa malipo yake ya awali. Familia zipatazo kumi huwekwa kundi moja na kufanya takriban asilimia 65 ya kazi yote, jioni na mwisho wa wiki, chini ya msimamizi wa ujenzi. Asiyewahi kushika nyundo hufundishwa kusimamisha fremu za kuta, kuezeka, kupaka rangi. Na hakuna anayehamia kwake mpaka nyumba zote za kundi zikamilike. Sharti gumu, lakini ndilo linalomzuia mtu kukimbilia kwake na kumwacha jirani na kuta tupu.

Wapo wasemao ni ukatili kumwongezea ujenzi kibarua aliyeinama shambani kutwa nzima. Hoja hiyo ina uzito. Ila benki humdai fedha taslimu, ambazo hana; nguvu anazo. Wanaoutumia mpango huu kudai kwamba serikali ijitoe ndio hasa waliokosea: mkopo hutoka Wizara ya Kilimo, hulipwa kwa miaka 33, hata 38, na riba yaweza kushuka hadi asilimia 1. Bila huo, hata saruji ya msingi isingenunuliwa.