Ndeke imetengenezwa inje: nani aliiangalia?

Kuko maneno yanayotunyamazisha haraka: "Ndeke imetoka kwenye matengenezo makubwa huko inje." Kampuni ikisha kuandika vile, maswali yanaisha, tunanunua tiketi. Mimi naona ni pale maswali yangepaswa kuanza.

Tuelewane kwanza. Kazi ndogo, kama kubadilisha tairi ao kuangalia mafuta, zinafanyika hapa kwetu. Lakini ndeke ya jeti inafika wakati inapaswa kufunguliwa: viti vinatolewa, sakafu inafunuliwa, mafundi wanatafuta kutu na nyufa ndani ya chuma. Kazi hiyo inaomba hangari kubwa, vyombo vya bei, na mafundi wenye vibali. Ndiyo maana kampuni mingi za Afrika zinavusha ndeke zao mpaka. Si haya. Hata kampuni kubwa za Marekani zinapeleka zao El Salvador, Mexico, Singapore na China.

Kosa letu ni kufikiri kwamba ndeke ikivuka mpaka, daraka nalo linavuka. Hapana. Kwa Mapatano ya Chicago ya 1944, inchi iliyoandikisha ndeke ndiyo inayotoa cheti cha kuruka. Ndeke yenye herufi 9S ubavuni ni mutoto wa Congo hata ikilala miezi mitatu katika hangari ya Ulaya. AAC, otorite yetu ya anga, inaweza kukubali garaji ya kigeni, na hata kutegemea kibali ambacho inchi ingine imekwisha kuipa garaji hiyo. Lakini mwenye kujibu ni sisi. Sasa angalia mlolongo: mkaguzi wa garaji analipwa na garaji, garaji inalipwa na kampuni, na kampuni inataka ndeke irudi haraka, maana ndeke iliyosimama hailete hata franka moja. Kwetu kinarudi nini? Karatasi yenye sinyatire.

Sisi wa agronomia tunajua jambo hili. Mfuko wa mbegu unakuja na etiketi nzuri kutoka inje, lakini kabla ya kupanda unachukua mbegu mia moja, unaziweka kwenye kitambaa chenye maji, unahesabu ngapi zinaota. Si matusi kwa aliyeuza. Ni shamba lako.

Na musiniambie eti wazungu hawakosei. Mwezi wa 6 mwaka 1978, Boeing 747 ya Japan Airlines iligonga mkia kwenye kiwanja cha Osaka. Waliokuja kuitengeneza ni timu ya Boeing, wale wale walioiunda. Kipande cha chuma kilichopaswa kuwa kizima, kishikwe na zaidi ya mstari mmoja wa riveti, wakakiweka kimekatwa vipande viwili. Nguvu yote ikabaki kwenye mstari mmoja. Karatasi zikatiwa sinyatire. Ndeke iliruka miaka saba, zaidi ya safari 12.000. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta wa nyuma unaoshikilia hewa ulipasuka, sehemu ya mkia ikang'oka. Watu 520 walikufa, wanne tu wakapona. Kosa lilikuwa limefichika kati ya vyuma. Aliyekuja nyuma na karatasi mkononi hakuliona tena. Ilihitaji macho mengine pale pale, kabla chuma hakijafunikwa.

Kwa hiyo naona hasira yetu juu ya orodha ya Ulaya haigusi fasi yenyewe. Tangu 2006 kampuni za Congo ziko kwenye orodha nyeusi, na kila mara tunajibu: "Lakini ndeke zetu zinatengenezwa huko huko kwenu!" Jibu hilo halifiki. Orodha inataja kampuni zote zenye kibali cha Congo kwa jumla, maana inahukumu anayesimamia, si riveti. Unaweza kupeleka ndeke kwenye garaji bora ya dunia, urudi, ubaki kwenye orodha. (Kama Ulaya inaitumia kwa haki, tutaongea siku ingine. Mimi niko na mashaka.)

Wamarekani wenyewe walikawia. Sheria yao ya 2012 iliomba mafundi wa garaji za kigeni wapimwe pombe na madawa ya kulevya. Kanuni yenyewe ilitoka Desemba 2024. Sheria ya Mei 2024 nayo ikaomba mkaguzi afike kwenye garaji hizo angalau mara moja kwa mwaka, bila kutoa habari.

Hatuna pesa ya Marekani, sawa. Lakini mutu anayetoka mbali kwenda Kinshasa mara nyingi hana barabara ya kuchagua, anapanda ndeke. Tunajua kuuliza pesa ya Go-Pass inaenda wapi. Tuulize na haya: ndeke hii ilifunguliwa kwenye garaji gani? Nani wa AAC alikuwa pale, siku ngapi, mbele ao nyuma ya vyuma kufunikwa? Alikuta nini? Wayatangaze, ndeke kwa ndeke. Na kama jibu ni "hatukutuma mutu", waandike hivyo pia, ili mama anayetuma mutoto wake kusoma Kinshasa ajue anamupandisha ndani ya nini.